Mashine ya Mjomba na Mafiga ya Kukhu

Kabla mjomba hajaleta ile mashine, mimi na rafiki yangu tulikuwa tunatafuta sarafu kwa sumaku. Najua unacheka. Cheka tu, hata fundi seremala wa sokoni alicheka, na yeye ndiye aliyefaidika.

Sumaku yenyewe ilitoka kwenye spika ya redio iliyokufa dukani kwa baba ya rafiki yangu, anayeuza vipuri vya baiskeli na lori hapa Busia. Tuliifunga kwenye mpini wa mwavuli uliovunjika, tukawa tunaiburura uwanja wa soko kila siku inayofuata gulio. Hesabu yetu ilikuwa nzuri. Siku ya gulio akina mama wanafungua mafundo ya leso mbiombio, wachuuzi wa kutoka ng'ambo, upande wa Uganda, wanarudisha chenji huku wanagombana, mataniboi wa malori wanatia pesa kwenye mifuko iliyotoboka. Lazima kitu kianguke. Kikianguka, vumbi linakifunika. Kesho yake tunakuja sisi, waokoaji.

Tuliokoa misumari. Misumari iliyopinda, misumari yenye kutu, vifuniko vya soda, nyembe, na siku moja jino la reki. Sarafu hatukuona hata ya kulilia. Rafiki yangu, ambaye kwao wanaongea Kiswahili tangu tumboni na kwa hiyo anaamini anajua kila kitu, alikuwa na maelezo.

"Sarafu ni nzito," alisema. "Zimezama. Sumaku inaziita, lakini hazijafika."

"Zitafika lini?"

"Wewe una haraka ya nini? Una mke?"

Basi tukawa tunampelekea seremala misumari, anainyoosha, anatupa miwa. Baadaye shuleni nilikuja kusoma kwamba sumaku haina habari na shaba, na sarafu zetu si za chuma. Nilimwambia rafiki yangu. Akasema hicho ni kitabu cha Wazungu, sarafu ni zetu.

Sasa, jambo lililotufanya tuache mchezo ni kukhu. Kukhu ni bibi yangu mzaa baba, mwanamke mfupi, mweusi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walioko Uganda. Dada yangu mkubwa alikuwa anaolewa Desemba na kijana wa ng'ambo, na nyumba nzima ilikuwa imejaa shangazi na kuku. Katikati ya shughuli hiyo kukhu akatangaza kwamba yeye haendi harusini.

Kisa ni mkufu wa kiuno. Si dhahabu, usitamani. Ni zile senti kumi za zamani zenye tundu katikati, zimetungwa kwa kamba ya katani, nyingi, kiasi kwamba mwanamke akitembea anasikika kabla hajaonekana. Kukhu alifungwa mkufu huo na mama mkwe wake siku alipoletwa kwetu akiwa bibi arusi. Yeye akamfunga mama yangu, mama akaurudisha. Kwetu bibi arusi haji kimya wala haondoki kimya. Anaondoka analia huku kiuno kinacheka, ndivyo kukhu anavyosema.

Na mkufu ulikuwa umepotea, au tuseme ulikuwa umezikwa. Zamani, wakati askari wa kodi walikuwa wanazunguka nyumba kwa nyumba na kuchukua chochote kinacholia, kukhu aliutia kwenye mkebe wa ugoro akaufukia chini ya mafiga, yale mawe matatu ya jikoni, kule Burumba tulikokuwa tunakaa karibu kabisa na mpaka. Hakuna askari atakayechimba chini ya moto. Halafu babu akafa, nyumba ile ikaachwa kama desturi inavyotaka, kukhu akajengewa nyingine huku tuliko. Nyumba ya zamani ikaanguka, ikawa migomba, na mtu yeyote anayejua mgomba anajua kwamba baada ya miaka michache huwezi kusema hapa palikuwa na mlango au hapa palikuwa na choo.

"Kukhu," dada alimwambia, "nitaenda tu hivyo. Siku hizi watu wanaolewa kwa muziki wa redio."

"Nenda," kukhu akasema. "Mimi nitakaa hapa na kuku watakaobaki."

Hakukuwa na kuku watakaobaki, kila mtu alilijua hilo. Dada akaenda nyuma ya nyumba akajifanya moshi umemwingia machoni. Kukhu alimlea huyu dada tangu alipoachishwa ziwa. Kuolewa kukhu asipokuwepo, hata mimi ambaye sina adabu niliona kwamba hiyo si harusi.

Kukhu akanitazama. Mimi ananiita mume wangu, maana nimerithi jina la babu.

"Mume wangu, wewe unatembea na sumaku mchana kutwa kama mganga. Kwa nini usinitafutie?"

Ilibidi nimweleze kwamba sumaku yetu haielewani na shaba. Akauliza, basi mlikuwa mnatafuta nini muda wote huo. Rafiki yangu akatazama juu.

Mjomba wangu anaendesha lori, Mombasa kwenda Kampala, anapitia Malaba. Alikuwa ameshasikia habari ya sumaku na ilimkera, maana seremala alikuwa anamsimulia kila akija nyumbani Busia. Safari hiyo akatuma neno nimfuate Malaba. Nilimkuta yuko chini ya lori lake kwenye foleni, miguu tu nje.

"Ingia kwa kebini," miguu ikasema. "Chukua hiyo kitu. Na usiiangushe, imepigana vita."

Ilikuwa mashine ya jeshi, ya kutafutia mabomu yaliyofukiwa, masalio ya vita vya Wazungu. Aliinunua kwenye mnada wa vyuma vikuukuu huko pwani, mwenyewe hajui kwa nini. Ina sahani bapa kama mfuniko wa sufuria kubwa, mpini mrefu, kisanduku cha kubeba mgongoni, na vitu viwili vya kufunika masikio. Fundi wa redio aliifanyia upasuaji ikakubali kula betri za tochi, zilizopangwa mstari na kufungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukiiwasha inaguna mmmm kama mzee anayesikiliza kesi. Ikikuta chuma, chuma chochote, shaba, bati, inapiga kelele nyiii, na si masikioni tu, hata aliyesimama kando anasikia.

Rafiki yangu aliikagua kama mkwe anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Sumaku haihitaji betri," alisema.

"Sumaku haileti sarafu."

"Lakini haina kiburi."

Tulianzia uwanja wa soko, kujifunza. Nikavaa mzigo, nikaziba masikio, nikawasha. Nyiii. Hapo hapo, hatua ya kwanza. Tukachimba, hamna kitu. Nikasogea, nyiii. Tukachimba, hamna. Kila mahali nilipokanyaga mali ilikuwa inaniita. Nilianza kupanga nitanunua nini. Rafiki yangu alikuwa amechimba mpaka jasho linamtiririka puani, uwanja umekuwa kama umelimwa na nguruwe, ndipo akasimama, akanitazama katikati ya mwili.

"Vua mshipi," akasema.

Nikavua mshipi wa jeshi alionipa mjomba, wenye bizimu ya shaba kubwa kama sahani ya chai. Mashine ikanyamaza, ikarudi kuguna. Shida ni kwamba suruali nayo alinipa mjomba, na mjomba ana tumbo la dereva. Toka hapo nikawa mtafutaji wa mkono mmoja. Mkono huu mashine, mkono huu suruali. Rafiki yangu alinikatia kamba ya mgomba nijifunge, lakini kamba ya mgomba ikikauka ina tabia zake.

Siku hiyo hiyo, hata hivyo, tulipata sarafu. Senti tano yenye tundu, nyeusi kwa uchafu, chini ya mahali wanapouza samaki. Nilimpa rafiki yangu aibusu. Akaisugua kwenye kanzu, akaitazama sana, akasema sumaku ingeifikia tu, ilikuwa njiani.

Kesho yake tukaenda Burumba. Kukhu alikuwa ametuelekeza: "Ukiwa jikoni kwangu, jiwe la mpaka lilikuwa hapo nyuma tu, ungeweza kulitemea mate." Maelezo safi kabisa, isipokuwa jiwe la mpaka halikuwepo. Tulizunguka, hakuna jiwe. Kwa hiyo nikaanza kupita migombani mstari kwa mstari, sahani chini, masikio yamezibwa, rafiki yangu nyuma yangu na vijiti vya kuchomeka pale tulipokwisha kupita, tusirudie.

Hapa ndipo nilipokosa akili. Mtu wa mahali pengine akiona kijana na mashine mgongoni atasema huyu ni mwendawazimu, atapita. Lakini mtu wa mpakani akiona kijana anatembea mstari ulionyooka na mwenzake anachomeka vijiti, anajua jambo moja tu. Mpaka unahamishwa.

Wa kwanza kuja alikuwa mama anayechoma mandazi kando ya njia. Alikuja na mandazi.

"Boss," akaniambia. Mimi, na suruali yangu ya mkono. "Boss, mstari unapita wapi?"

"Mstari gani, mama?"

"Usinifiche. Mimi nina watoto. Mimi wacha nibaki Kenya, nimeshazoea."

Nilifungua mdomo kumweleza ukweli, lakini rafiki yangu alikuwa ameshapokea mandazi. "Tutaangalia, mama," akasema kwa sauti ya ofisi. "Hatuahidi."

Baada ya hapo hatukupumua. Walikuja na karanga, na ndizi mbivu, na maziwa ya mgando. Kijana mmoja mfanyabiashara alitaka choo chake kibaki Kenya na ghala lake liende Uganda. Mzee mmoja mwenye wake wawili wasiosemezana, nyumba zao zinatazamana, alinivuta pembeni, akaniomba kwa unyenyekevu sana nipitishe mpaka katikati ya nyumba mbili hizo.

"Na wewe mzee utakaa upande gani?"

Akafikiri. "Weka na kizuizi," akasema. "Mimi nitakaa kwa kizuizi na askari."

Yote haya yalikuwa matamu, ila mkebe wa ugoro hatukuupata. Shamba lile lote lilikuwa linalia. Kumbe watu wa pale wanawasha moto kwa mbao za makasha yanayotupwa na malori, halafu majivu wanamwaga migombani kuua wadudu, na misumari yote imo humo humo kwenye majivu. Tulichimba misumari mpaka nikaikumbuka sumaku kwa huruma.

Siku ya tatu akaja afisa wa forodha. Mrefu, kofia, vifungo vya shaba vinavyong'aa kifuani kama macho ya paka. Umati wote ulikuja nyuma yake kusikiliza mpaka utakuwa wapi.

"Nani amewatuma kupima mpaka wa serikali?"

Nikasimama wima kwa heshima, kama tunavyofundishwa shuleni, mikono kando. Mikono yote miwili. Kamba ya mgomba ikachagua wakati huo huo kukatika.

Sitaeleza zaidi. Mama wa mandazi alifunika uso kwa leso, na mimi nikaokota suruali, serikali yangu yote, nikaivaa. Jambo zuri ni kwamba afisa hakuweza kuendelea kukasirika. Alisikiliza habari ya kukhu, ya harusi, ya mkebe, akatikisa kichwa, akawaambia watu waende nyumbani, mpaka uko palepale. Walitawanyika wamevunjika moyo, hasa mzee wa wake wawili.

"Lakini hebu," afisa akaniambia polepole, "hiyo mashine inasikia chuma? Kuna jiwe letu la mpaka limepotea hapa tangu kabla sijahamia. Lina nambari imechongwa, na ndani lina nondo. Kila mkubwa wangu akija ananiuliza liko wapi. Ukilisikia, uje kwangu kwanza."

Nikasema ndiyo, mzee.

Ijumaa ikafika na mkebe hakuna. Harusi kesho. Shangazi wanapepeta mchele, dada amesukwa nywele na chai yake imepoa, na kukhu ametoa nguo zake za harusini sandukuni, akazikunja, akazirudisha. Aliona nimeona. Akatuita jikoni kwake tule viazi. Hakutulaumu, na hiyo ndiyo iliyoniuma, maana nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Niliivua mashine nikaiegemeza ukutani, sahani chini karibu na moto. Sikuizima. Ikapiga nyiii.

"Sufuria," rafiki yangu akasema, amejaza kiazi mdomoni.

Lakini kukhu hapikii sufuria. Anapikia chungu cha udongo, anasema sufuria inanyonya chumvi. Nikaisogeza sahani. Figa la kwanza, mmmm. La pili, mmmm. La tatu, lile kubwa bapa la nyuma, mashine ililia kama nguruwe.

Tukaepua chungu, tukavuta kuni, rafiki yangu akalifuta jiwe masizi kwa gunia. Chini ya masizi kulikuwa na nambari, imechongwa vizuri, mwandiko wa serikali. Tukatazamana. Halafu tukamtazama kukhu.

"Ni jiwe zuri," kukhu akasema. "Halipasuki kwa moto. Lilikuwa limekaa tu pale nyuma ya jiko, mume wangu, halina kazi."

"Kukhu, hilo ni jiwe la mpaka. Ulisema lilikuwa nyuma ya jiko, tumelitafuta siku zote hizo."

"Lilikuwa nyuma ya jiko kabla sijalichukua."

Tulilibingirisha pembeni kwa vijiti, maana lilikuwa la moto. Mashine nikaipeleka mbali na jiwe, nikaipitisha juu ya majivu matupu, na bado ikalia. Rafiki yangu akachimba kwa mwiko. Majivu, udongo uliookwa mwekundu, halafu sauti ya bati. Mkebe wa ugoro, umeliwa na kutu pembeni, na ndani yake kamba ya katani iliyooza na senti za tundu zimelala moja juu ya moja.

Kukhu aliketi chini. Akaanza kuzigeuza moja moja huku anatueleza, ingawa hakutueleza sisi hasa. Wakati wa kuhama alikuwa mgonjwa wa mguu. Aliyemhamishia jiko ni mke mwenzake, ambaye sasa ni marehemu, na kukhu hakudhani kwamba alichimba chini ya mawe. Kwa desturi, mafiga ya mwanamke yanahama pamoja na majivu yake, na kilicho chini ya mafiga kinarudi chini ya mafiga. Yule mama aliukuta mkebe, akaufukia mahali pake, kama inavyotakiwa, na hakusema neno, kwa sababu wakati huo walikuwa hawasemezani kwa ajili ya kuku.

"Kuku mwenyewe alikuwa mgonjwa," kukhu akasema. Akajipangusa macho kwa mkono wenye majivu, ikawa mbaya zaidi.

Ndipo nje tukasikia, "Hodi hapa."

Sauti ile niliijua. Vifungo vya shaba. Alikuwa anapita, alisema, kuuliza kama tulipata mkebe. Sijapata kuona bibi mwenye mguu mbaya akibingirisha jiwe kwa kijiti kwa kasi ile. Afisa alipoinama mlangoni kuingia, figa lilikuwa mahali pake, nambari imetazama ndani, kuni zimesukumwa, chungu juu, na kukhu anapuliza moto kwa utulivu mkubwa.

"Karibu mwanangu. Kaa. Tumepata, Mungu ni mwema. Utakunywa chai."

Afisa akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu ya watu warefu, na kiatu chake kimoja akakiegemeza juu ya jiwe la mpaka wa nchi mbili. Kilikuwa kiatu kizuri. Mimi nikakohoa. Na mashine, ambayo bado sikuwa nimeizima, nikaisikia inapanda. Nyiii.

"Hiyo inalia nini?" afisa akauliza.

Kichwani mwangu kulikuwa na jela tu. Rafiki yangu akainyanyua sahani taratibu, akaipeleka mbele ya kifua cha afisa, na mashine ikalia kweli kweli.

"Vifungo vyako, mzee," akasema. "Inaheshimu shaba safi."

Afisa akajitazama kifuani, akatabasamu, akakipangusa kimoja kwa kidole gumba. Nikaizima mashine. Alikunywa chai vikombe viwili, akausifu moto wa kukhu, akasema jiko lake linatulia vizuri. Kukhu akasema siri ni mawe.

Usiku shangazi walitunga senti upya kwa uzi wa kushonea magunia, na Jumamosi dada yangu akaondoka nyumbani analia, kiuno kinacheka. Alisikika mpaka madukani. Mjomba alikuja kuichukua mashine, na rafiki yangu alikuwa nyuma ya msafara na sumaku yake kwenye mpini wa mwavuli, ana hakika kwamba harusini watu hudondosha vitu.

Pale kwenye kizuizi cha mpakani afisa alisimama katikati ya barabara, mkono juu.

"Hiyo kelele ni nini?"

"Kiuno, mwanangu," kukhu akajibu. "Nacho kinalipiwa ushuru?"

Hata askari wa ng'ambo walicheka. Afisa akainua kizuizi kwa mkono wake mwenyewe, halafu akatugeukia sisi wa msafara kwa sauti ya kazi. "Sasa msikilize. Mpaka ni hapa nilipokanyaga. Wanaorudi leo wapite huku, wanaolala wapite kule."

Kukhu alishika mkono wangu ili avuke. Alitazama kiatu cha afisa, akatazama ardhi chini ya kiatu, kwa makini, kama mtu anayejifunza jambo jipya uzeeni.

"Kumbe ni hapa," akasema.